Bendera ya Nguzo ya Darajani

Bendera yenyewe, ile ya kweli, hatuitoi nje. Imelazwa ndani ya sanduku la kioo kwenye ukumbi wa mji wa Tunmore, na juu yake kuna pazia zito ambalo mgeni anaruhusiwa kulivuta kwa muda mfupi tu, maana mwanga unaila. Ni hariri ya buluu, au ilikuwa buluu. Katikati pana msonobari mweupe ulioshonwa na wanawake wa mji huu mwaka ule waume zao walipoitwa kwenda kupigana na majimbo ya kusini, katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Walishona kwa haraka, na kwa sababu ya haraka hiyo, mti umeinama kidogo upande wa kushoto. Risasi za Virginia ziliitoboa. Waliorudi nayo walikuwa wachache, na kila mmoja alikata kipande cha pindo akaenda nacho kwake, kwa hiyo imebaki kama nguo iliyotafunwa na panya.

Zinazopepea nje ni nakala. Hizo zinatengenezwa hapa hapa, kwenye karakana ya Duclos nyuma ya kituo cha zimamoto. Ni za nailoni nene isiyochujuka upesi kwa jua, pindo limeshonwa mara mbili, na pembeni zina pete za shaba za kupitishia kamba. Kwenye nakala mti umesimama wima. Ukimwuliza Duclos kwa nini, atakwambia wateja wakiona mti umeinama wanairudisha, wanasema imekosewa.

Lorraine Thibault alikuwa mshonaji wa Duclos tangu usichana wake. Mumewe, Armand, alikuwa mfanyakazi wa barabara za mji. Majira ya baridi aliendesha lori la kukwangua theluji, na kiangazi aliziba mashimo na kukata nyasi za kando ya njia. Walikuwa na mtoto mmoja, Corey.

Corey alikuwa kijana wa mzaha. Alimwita baba yake Mzee Theluji hata mwezi wa saba, na mama yake Bibi Bendera. Alipomaliza shule alijiunga na jeshi la akiba la jimbo, kama vijana wengi wa huku, wikiendi moja kwa mwezi, na kabla hajauzoea mkoba wake wakapelekwa Afghanistan. Alirudi mzima. Mikono miwili, miguu miwili. Tulimpokea mbele ya ukumbi kwa tarumbeta za shule, na Lorraine alilia mpaka akalazimika kushikwa.

Mji ulimpa kazi pamoja na baba yake. Ndipo Armand alipoona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona. Wakiwa garini, Corey akiona mfuko wa takataka kando ya barabara, au boksi, au hata tairi lililotupwa, alisimamisha lori. Anashika usukani kwa mikono yote miwili na jasho linamtoka katika baridi ile. Armand anashuka, anakwenda kuuokota ule mfuko, anautikisa ili kijana aone ni mtupu, hauna bomu ndani, anautupa nyuma ya lori, wanaendelea. Kilomita moja mbele, mfuko mwingine.

Basi Armand akaanza kuamka kabla ya wenzake wote. Alichukua gari lake mwenyewe akapita njia yote ambayo wangepita siku hiyo, akiokota kila kilichotupwa. Watu walimwona wakadhani ameokoka.

“Armand, umeajiriwa na kanisa siku hizi?” Gordie Pelkey, mwenzake wa kazi, alimtania. “Mbinguni hawahesabu makopo, ndugu yangu.”

“Nanyoosha mgongo tu,” Armand alijibu.

Hospitali ya askari waliotoka jeshini iko ng'ambo ya milima. Walimpeleka mara kadhaa. Alipewa vidonge, akaambiwa arudi mwezi ujao, na mwezi ujao ulipofika theluji ilifunga njia, akaambiwa wa baadaye. Mwezi wa tatu ukafika, ambao ndio mwezi wa kutoboa miti ya sukari na kukinga utomvu wake. Nyuma ya nyumba yao, juu kidogo mlimani, Armand ana kibanda cha kuchemshia utomvu huo mpaka uwe shira. Asubuhi moja alikwenda kuwasha moto, akamkuta Corey humo ndani, amekwisha kufa. Alijiua. Sitasema zaidi ya hapo, na Armand naye hajawahi kusema zaidi.

Tulimzika vizuri. Hilo naweza kulisema. Kanisa lilijaa, na nyumbani kwao vyakula vililetwa mpaka vikakosa pa kuwekwa.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mia na hamsini tangu vita vile vya Virginia. Kamati ya kumbukumbu ikapata wazo zuri, na wote tulisema ni zuri. Kila nguzo ya taa ya barabara kuu ingetundikwa nakala ya bendera, na chini ya mti, kwenye ukanda mweupe, lingeshonwa jina la mwana wa Tunmore mmoja aliyefia vitani, kuanzia wale wa hariri mpaka wa siku hizi. Duclos alipewa kazi hiyo, na Duclos akampa Lorraine, kwa sababu hakuna aliyeshona herufi kama yeye. Majira yote ya baridi Lorraine aliketi kwenye cherehani akishona majina ya watoto wa watu.

Alipofika kwenye majina ya mwisho aliuliza, “La Corey liko wapi?”

Duclos akajifanya anatafuta miwani. “Mimi nimeletewa tu, Lorraine. Uliza kamati.”

Huku kwetu mambo ya mji huamuliwa mwezi wa tatu, wote tukiwa tumekaa kwenye viti vya kukunja ndani ya ukumbi, na anayetaka kusema husimama. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Haskins, mwalimu mstaafu. Amewafundisha karibu watu wote wa hapa kusoma, akiwemo Lorraine, akiwemo Corey. Kaka yake alifia Vietnam, na mama yao, baada ya habari ile, hakutoka tena nje ya lango lake hadi alipotolewa kwa jeneza. Kwa hiyo Bi Haskins hakuwa mtu asiyejua kufiwa.

Lorraine alisimama akiwa na koti lake la kanisani.

“Mnanijua,” alisema. “Majina yaliyo kwenye bendera hizo nimeyashona mimi. Naomba nishone moja zaidi.”

“Kaa kwanza, Lorraine, mwanangu, tuzungumze,” Bi Haskins alimwambia.

“Nimekaa mwaka mzima, Mwalimu. Leo nasimama.”

Bi Haskins akavua miwani. “Kamati ilikubaliana ni wale waliofia vitani. Si kwamba hatukumpenda Corey. Mimi nimemfundisha a, e, i, o, u.”

“Corey alifia vitani. Ni kwamba kufa kwenyewe kulichelewa.”

Nyuma akasimama Everett Stowe, mfugaji wa ng'ombe wa upande wa mto. “Namwonea uchungu kila mtu humu,” alisema, akizungusha kofia yake mikononi. “Lakini mdogo wangu alikanyaga bomu. Hakuchagua.”

“Na wangu alichagua?”

“Mimi sijui, Lorraine. Ndiyo maana nasema ni kitu kingine.”

Lorraine akageuka, akanyoosha kidole kwenye sanduku la kioo. “Sajenti Orcutt ndiye aliyeibeba hiyo. Alirudi nayo hai, mkampigia ngoma, na baada ya miaka michache akaingia mtoni. Jina lake ni la nguzo ya kwanza, mbele ya benki. Nimelishona mwenyewe.”

“Orcutt aliteleza,” Bi Haskins akasema.

“Akiwa na mawe mifukoni, Mwalimu?”

Mtu mmoja akakohoa. Habari za yale mawe tunazijua wote, tumezisikia kwa bibi zetu tukiwa jikoni. Bi Haskins akavaa tena miwani yake. “Aliteleza,” akasema, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto neno gumu.

Ikaombwa watu wanyooshe mikono. Mikono iliyonyooshwa kwa ajili ya Corey ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo. Gordie Pelkey alinyoosha, Duclos alinyoosha nusu, mkono ukaishia sikioni. Lakini walio wengi walitazama magoti yao. Watu waliobeba jeneza lake walitazama magoti yao. Kisha ikawa saa ya chakula, na kama kawaida ya siku ile tukapanga foleni ya maharage ya kuokwa na pai za tufaha, na mmoja mmoja wakaja kumpiga Armand bega na kumwambia pole. Armand alishika sahani yake mpaka maharage yakaganda. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

Ndani ya gari, wakirudi, Lorraine alimwuliza, “Ulikuwa bubu?”

“Ningesema nini ambacho hukusema?”

“Jina lake tu. Ungesimama ukasema jina lake ukakaa.”

Armand akabadilisha gia. Hakuwa mtu wa maneno hata siku ya harusi yake.

Mwezi wa tano ndio wa kutundika bendera. Kazi hiyo ni ya watu wa barabara, na mwenye kupanda kwenye kikapu cha lori kwenda juu nguzoni ni Armand, kwa sababu Gordie anaogopa urefu. Asubuhi ile Lorraine alimwekea chakula chake cha mchana mezani, na juu ya chakula akaweka kitambaa kilichokunjwa.

Armand alikitambua kabla hajakikunjua. Nailoni ya buluu, mti mweupe, ukanda, na kwenye ukanda COREY A. THIBAULT. Ila mti wa bendera hii aliushona umeinama kushoto.

“Nimetumia mabaki,” alisema. “Duclos anajua. Hakusema kitu.”

“Lorraine.”

“Nguzo zimezidi majina. Ile ya darajani haina kitu. Sikulazimishi. Nimekuwekea tu.”

Siku nzima walitundika. Gordie alikaa kwenye usukani akipaza sauti kutoka chini, “Kushoto kidogo! Hapo! Huyo nani?” Na Armand humsomea jina, na Gordie hujibu, “Huyo babu yake alimuuzia babu yangu farasi kipofu,” au, “Huyo ni wa kwa kina Stowe, wale wa kuazima msumeno wasirudishe.” Ndivyo wanavyofanya kazi. Wakamaliza barabara yote, wakafika darajani, ambapo mto unapita chini ya nguzo ya mwisho. Gordie akazima injini.

“Hii haina mtu,” alisema. “Twende tukanywe kahawa.”

“Nipandishe.”

Gordie alimtazama, akaona kilichokuwa mkononi mwake. Akawasha injini, akainua kikapu. Safari hii hakuuliza jina. Armand alifunga pete za shaba moja baada ya nyingine, akajaribu kila fundo mara mbili, kisha akabaki huko juu muda mrefu akishika nguzo, upepo wa mto ukiivuta bendera na kuipiga usoni mwake.

Aliposhuka Gordie alisema, “Mimi macho yangu mabovu. Sijaona kitu.”

Bendera ile ilikaa. Watu waliiona siku ya kwanza. Mji wetu ni mdogo, hata paka mpya anaonekana. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Lorraine alipokwenda kazini alipita darajani kwa miguu, ingawa si njia yake, na jioni vilevile. Siku hizo alianza kula. Alianza hata kumtania Armand kidogo, akimwambia ameota kitambi cha kukaa kwenye lori.

Kisha zikaja picha.

Ya kwanza ilikuwa ya msichana aliyevaa sare ya jeshi, imewekwa kwenye fremu ya duka, imeegemezwa chini ya nguzo pamoja na maua. Hakuna aliyemjua msichana yule. Baadaye tulisikia ni wa kijiji cha ng'ambo ya mlima, alikuwa muuguzi wa jeshi, naye alikufa kama Corey. Aliyeileta alikuwa ameiona bendera akipita kwa gari, na alikuwa amesikia habari zake. Wiki iliyofuata zikawepo nyingine. Vijana, watu wazima, mzee mmoja mwenye nishani za Vietnam. Wengine walifunga kwa utepe kwenye nguzo, wengine walibandika. Magari ya miji mingine yalisimama darajani, mtu anashuka, anaweka picha yake, anasimama, anaondoka bila kusalimia. Lorraine alizipanga, akazifunika kwa nailoni mvua iliponyesha.

Sisi tuliogopa. Sijui niseme vipi vinginevyo. Mwanzoni ilikuwa habari ya Corey, ambayo tuliizoea. Sasa kila anayevuka daraja kwenda dukani alipaswa kupita mbele ya nyuso zile zote.

Bi Haskins alikwenda nyumbani kwa kina Thibault mchana, Lorraine akiwa kazini. Nadhani aliuchagua muda huo. Armand alimkaribisha jikoni, akamwekea kahawa. Mazungumzo yao tuliyajua baadaye kwa Bi Haskins mwenyewe, ambaye hakuficha.

“Sikuja kukugombeza,” alimwambia. “Kama ni mimi na moyo wangu, ile bendera ingekaa.”

“Basi iache ikae, Mwalimu.”

“Unamjua yule kijana wa kina Bessette? Yule mrefu, mpole, anayetembea peke yake?”

“Namjua.”

“Ameandika kwenye ukuta wa choo cha shule. Ameandika, ‘Na mimi nataka nguzo yangu.’”

Armand aliweka kikombe chini.

“Nimefundisha watoto maisha yangu yote,” Bi Haskins aliendelea. “Niwaambie nini? Kwamba ukifanya vile unatundikwa jina juu na watu wanakuja na maua? Niambie wewe, Armand. Ukinipa la kuwaambia, nitakwenda sasa hivi kuwaambia.”

“Nipe mpaka kesho,” Armand akasema.

“Meneja wa mji anataka kumtuma Gordie. Nimemwambia asubiri, nikuambie kwanza.”

“Gordie asiguse. Nitakwenda mwenyewe.”

Kesho yake alikwenda, Gordie kwenye usukani, bila mzaha wowote. Alifungua mafundo yale yale aliyoyafunga, akaikunja bendera, akaiweka ndani ya shati. Kisha akapiga magoti chini ya nguzo akaanza kukusanya picha. Alikuwa amekuja na ndoo ya bati yenye kifuniko, ile ya kukingia utomvu. Kila picha aliifuta kwa kiganja kabla ya kuiweka. Magari yalipita polepole. Hakuna aliyesimama kumsaidia, na mimi nilikuwa kwenye gari mojawapo.

Lorraine aliikuta nguzo tupu akitoka kazini. Alipofika nyumbani Armand alikuwa amekaa jikoni, bendera ikiwa mezani mbele yake. Akamweleza yote, habari za kijana wa Bessette na ukuta wa choo. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Lorraine alisikiliza. Akauliza kitu kimoja. “Umeishusha kwa mkono wako?”

“Nisingemwachia Gordie.”

“Ungemwachia,” alisema. “Ungemwachia Gordie, ungemwachia Haskins, ungemwachia mtu yeyote mwenye mikono. Wewe ni baba yake.”

“Nilidhani itakuwa heshima.”

“Najua ulidhani.”

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliendelea kuishi mle ndani kiangazi chote, akipika, akifua, akimjibu anapoulizwa. Kwa Duclos aliacha kazi. Alisema akikikanyaga kile kikanyagio cha cherehani miguu yake inakufa ganzi. Majani yalipoanza kugeuka rangi, dada yake alikuja kutoka Sherbrooke, ng'ambo ya mpaka wa Kanada, akamsaidia kufunga mizigo. Armand alibeba masanduku mpaka kwenye gari.

“Unarudi lini?” aliuliza.

“Usiniulize, Armand. Sitaki kukudanganya.”

Kijana wa kina Bessette alimaliza shule mwaka uliofuata, akajiunga na jeshi. Tulimuaga mbele ya ukumbi kwa tarumbeta.

Armand alibaki peke yake. Kibanda cha shira hakukiingia tangu kifo cha mwanawe, ila mara moja tu, alipokwenda kuiweka ile ndoo ya picha, maana hakuweza kuzitupa na hakuweza kulala nazo nyumba moja. Bendera aliitundika nje, kwenye ukuta wa kibanda unaotazama nyumba, ili aione akiwa jikoni. Hiyo ilikuwa ardhi yake, na kamati haikuwa na neno.

Lakini upepo wa kule juu si wa kuchezea. Nailoni ya nje, hata iwe nzuri namna gani, ni ya misimu miwili au mitatu. Zile za mjini Duclos huzibadilisha, za zamani tunazichoma kwa heshima ndani ya pipa. Ya Corey haikuwa na wa kuibadilisha. Pindo liliachia kwanza. Kisha ikaanza kuchanika kutoka ukingoni kurudi ndani, utepe mmoja baada ya mwingine, ikila jina kuanzia mwisho. Gordie alipopita kumjulia hali alimwambia, “Ishushe, ndugu yangu, inaniuma macho. Duclos atakushonea nyingine, hata leo.”

“Nyingine haitakuwa ile,” Armand alisema.

Lorraine alipiga simu mara chache. Waliongea habari za hali ya hewa. Mara moja alimwuliza, “Bado ipo?”

Armand alitazama dirishani. Zilikuwa zimebaki herufi tatu na kipande cha mti.

“Ipo,” alisema.

“Nzima?”

“Nzima.”

Lorraine akashukuru, akakata simu.

Majani yalikuwa yanapukutika kwa mara ya pili tangu Lorraine aondoke, alipokuja mwanamke mmoja kwa gari dogo jeupe. Alikuwa mnene, amechoka, na pumzi zilimpaa kwa ule mwinuko. Alijitambulisha kuwa anaitwa Joanne Ladue, wa ng'ambo ya mlima.

“Nimeambiwa wewe ndiye ulizichukua zile picha za darajani,” alisema.

“Ndiye mimi.”

“Ya kwanza ilikuwa ya mwanangu. Msichana, ana sare. Nyumba yetu iliungua mwezi wa pili, bwana. Hatukuokoa kitu. Ndipo nikakumbuka kuna moja niliiacha Tunmore.” Alijaribu kutabasamu. “Nikasema, kumbe kuna mahali nimeweka akiba.”

Armand alimwambia asubiri. Akapanda mpaka kwenye kibanda, akasukuma mlango kwa bega. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya majivu ya zamani. Theluji ya mwaka uliopita ilikuwa imebonyeza bati la paa, na maji yalikuwa yakidondoka, kwa muda gani hakujua, pale pale alipoiweka ndoo. Kifuniko kilikuwa kimesogea. Aliinamisha ndoo maji yakatoka, meusi.

Aliipata ile fremu chini kabisa. Kioo chake kilikuwa kizima. Nyuma ya kioo, karatasi ilikuwa imevimba na rangi zimeteremka, na pale ulipokuwa uso pamebaki doa jeupe lenye kingo za njano. Sare ilionekana, na nywele upande mmoja.

Joanne alikuwa amemfuata, amesimama mlangoni akishika kizingiti. Armand alimpa kwa mikono miwili. 

Mwanamke aliishika akaigeuza kwenye mwanga. 

“Ndiyo hii,” akasema. “Nywele zake naziona.”

Akaifuta kwa mkono wa sweta, akaiingiza ndani ya koti, akafunga vifungo vyote mpaka juu. Wakati wa kushuka alitazama ukutani, pale vitambaa vya buluu vilipokuwa vikipigapiga mbao.

Baada ya gari kuondoka Armand alirudi kibandani akajaribu kuzikausha zile nyingine. Alizitandaza juu ya karai kubwa la kuchemshia. Zilikuwa zimegandana, uso kwa uso, na alipojaribu kuzitenganisha kwa kisu zilichanika. Akaacha. Wenyewe hawakuja kuziulizia. Yeye anaendelea na kazi ya barabara, na mwezi wa tano ukifika ndiye anayepanda nguzoni kutundika majina.